Gari Lililonyanyuliwa

Mazungumzo yetu ya juma hili yanashuka gereji. Tutazungumza juu ya springi na shokapu, yaani sehemu ile ambayo mafundi wetu huiita kwa jina moja zuri sana, miguu ya gari. Najua wapo watakaosema hilo si jambo la historia. Nawaomba subira, maana historia yenyewe inaanzia Shinyanga na inarudi kuishia Geita, na katikati yake mna watu na magari yaliyopata sifa duniani kote.

Fika stendi yoyote ya ukanda wa dhahabu, iwe Geita mjini, Katoro, Masumbwe au Kahama. Utakuta yamejipanga magari madogo ya Kijapani, Probox, Succeed, IST na wenzake, ambayo watu wa Kanda ya Ziwa wameyabandika jina la michomoko. Usitazame rangi wala maandishi ya nyuma. Tazama kimo. Gari hilo lilitoka kiwandani tumbo lake likiwa karibu na ardhi, kwa kuwa lilitengenezwa kupita barabara za lami za Japani likiwa na vifurushi vya ofisi. Hapa limenyanyuliwa juu kama kuku anayevuka maji. Mwenye gari ananunua nini hapo? Ananunua kupita makorongo bila kupasua sampu. Hilo halina ubishi. Swali la leo ni jingine: analipa nini, na hasa, ni nani anayelipa?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1940 mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, Dakta John Williamson, alivumbua almasi Mwadui, si mbali na mji wa Shinyanga. Oktoba 1947 ikapatikana pale almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5. Williamson akampelekea Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya arusi. Ilichongwa ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 ikatiwa katikati ya pini ya kifuani yenye umbo la ua. Mwaka huohuo mwenye pini alivishwa taji la umalkia, tarehe 2 Juni. Na huku kwetu walowezi wenye magari wakaona waisherehekee siku hiyo kwa namna yao. Kuanzia Mei 27 hadi Juni 1 mwaka 1953 wakafanya mashindano ya magari kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, wakayaita Safari ya Kutawazwa. Ndiyo mashindano tuliyokuja kuyajua baadaye kwa jina la Safari Rally. Basi Shinyanga ilitoa almasi, na Afrika Mashariki nzima ikatoa vumbi.

Jambo la kuvutia katika mashindano hayo ya mwanzo ni kwamba magari yaligawanywa kwa bei ya dukani, si kwa ukubwa wa injini. Waliotaka kujua ni gari gani linafaa kununuliwa na mtu anayeishi huku walipata jibu lao bure. Na jibu la kwanza liliwashangaza wengi. Gari lililojitokeza lilikuwa Volkswagen, kile kijigari cha mgongo wa kobe. Liliibuka na ushindi wa jumla mwaka 1954, likarudia 1957, na tena 1962.

Sababu zake zinaeleweka. Injini ya Volkswagen hukaa nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, kwa hiyo kwenye tope magurudumu hayo hubanwa ardhini na uzito wa injini. Halina rejeta ya kutobolewa na jiwe. Na chini ya tumbo lake ni bamba tambarare. Lakini angalia malipo. Miguu ya nyuma ya Volkswagen ya siku zile iliungwa kwa namna ambayo ekseli ilikuwa kama mabawa mawili yanayopigapiga kutoka katikati. Dereva akiingia kona kwa kasi halafu akaachia mafuta ghafla, nyuma ya gari hunyanyuka, bawa la nje hujikunja kwa ndani, na gurudumu husimama kwa ukingo wake badala ya kukanyaga kwa uso mzima. Kinachofuata ni kuteleza, au kupinduka. Na kadiri gari lilivyonyanyuliwa, ndivyo bawa lilivyokuwa tayari limejikunja kabla hata ya kona kufika. Washindi wa enzi hiyo hawakuwa na dawa ya kasoro hiyo. Waliijua, wakapunguza mwendo kabla ya kona. Walinunua tope kwa bei ya kona.

Ili tuelewe kwa nini biashara hiyo ilikuwa na faida, hatuna budi kuitazama ardhi. Wasukuma ni wataalamu wa udongo tangu kale. Wanautofautisha luseni, udongo wa kichanga wa miinuko, na itogolo wenye tabaka gumu chini, na mbuga, udongo mweusi wa mabondeni. Huo wa mbuga wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambazo mguu wa ng'ombe unaweza kuingia. Mvua ikinyesha huvimba, ukawa mlaini na wenye kunata, na gari likikanyaga humo hubeba magurudumu ya udongo juu ya magurudumu ya mpira. Safari Rally ilizoea kufanyika wakati wa Pasaka, katikati ya mvua za masika, na udongo mweusi uliozimeza gari za mashindano huko Kenya ni ndugu wa damu na huu wa mabonde ya Shinyanga.

Kwa hiyo magari ya kazi ya Usukuma yalikuwa ya namna moja. Pamba ilipochanua, na vyama vya ushirika vikaungana mwaka 1955 chini ya Shirikisho la Victoria, lililoongozwa na Paul Bomani, marobota yalibebwa na malori yenye springi za mabamba ya chuma yaliyolaliana. Land-Rover nazo zilikuja na mabamba hayohayo. Aliyepata kupanda Land-Rover 109 ikiwa tupu hahitaji maelezo yangu. Springi iliyotengwa kwa ajili ya tani ya mzigo haijui la kufanya ikipewa watu wawili na mbuzi. Inaruka. Ukiweka mzigo, inatulia kama imepewa uji. Hapo ndipo penye kanuni ya kwanza ya miguu ya gari: springi moja haiwezi kuwa nzuri kwa uzito wote. Ukiikaza kwa ajili ya mzigo unaitesa ikiwa tupu, na ukiilegeza kwa ajili ya raha ya mtu mmoja, watu saba wataikalisha chini.

Sasa turudi kwenye mashindano, maana mwaka 1960 lilitoka gari lililokuja kuitawala barabara ya Afrika kwa kizazi kizima. Nalo ni Peugeot 404. Mwaka 1963 mvua iliharibu kila kitu. Magari 84 yaliondoka, yaliyorudi ni saba tu. La kwanza lilikuwa Peugeot 404 la Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1966 na 1967 Peugeot 404 likashinda tena, na safari hii washindi walitoka kwetu Tanzania, Bert Shankland na msoma ramani wake Chris Rothwell. Mwaka 1968 mvua ikarudi. Yaliondoka magari 93, yakamaliza saba vilevile, na wa kwanza wakawa Nowicki na Cliff kwa mara nyingine.

Peugeot 404 halikuwa gari la kasi kuliko yote. Lilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 1,618 tu. Tena lilikuwa laini mno, likiingia kona linainama kama mtu anayechungulia kisima. Mzungu wa Ulaya aliyezoea magari ya michezo alicheka akiliona. Ila ulaini huo ulikuwa na kazi. Springi zake zilikuwa ndefu zenye nafasi kubwa ya kupanda na kushuka, na shokapu zake zililingana nazo. Gurudumu likikuta shimo lilishuka hadi chini ya shimo likakanyaga. Likikuta jiwe lilipanda bila kulipeleka gari zima juu. Nyuma lilikuwa na ekseli moja ngumu ya upande hadi upande, iliyokaa juu ya springi za kuviringika na kuzuiwa na fito ili isiyumbe.

Nakuomba uishike ekseli hiyo ngumu akilini, maana wataalamu wengi walikuwa wameanza kuidharau. Kosa lake ni uzito. Ekseli pamoja na difu vinapanda na kushuka kwa pamoja, gurudumu la kulia likigonga jiwe la kushoto nalo linasikia. Kwenye barabara ya vijituta vya kufuatana kama bati, uzito huo unachelewa kurudi chini. Lakini faida yake ni mbili, na kwa huku kwetu ni kubwa. Kwanza, gurudumu linabaki wima, gari liwe tupu au limejaa. Pili, kimo cha difu toka ardhini hakibadiliki hata ukipakia vipi, kwa kuwa kinategemea tairi wala si springi. Magari ambayo kila gurudumu la nyuma linajitegemea hukaa vizuri zaidi juu ya vijituta, lakini ukiyapakia tumbo linashuka na magurudumu yanapanuka kama miguu ya ndama aliyezaliwa leo.

Mwaka 1970 Wajapani waliingia kwa kishindo. Edgar Herrmann na Hans Schuller walishinda na Datsun 1600 SSS, gari dogo la familia ambalo miguu yake yote minne ilijitegemea. Mwaka uliofuata walishinda tena na Datsun 240Z. Watu wakasema ekseli ngumu imekufa. Haikufa. Mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland, dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kutwaa ushindi, aliendesha Ford Escort yenye ekseli ngumu juu ya springi za mabamba, kitu cha kale kabisa. Mwaka 1974 na 1976 Joginder Singh wa Kenya alishinda na Mitsubishi Lancer ya muundo huohuo. Halafu kuanzia 1979 hadi 1982 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda mara nne mfululizo na Datsun Violet. Kampuni ileile iliyokuja na magurudumu ya kujitegemea iliweka rekodi yake kubwa kwa gari lenye ekseli ngumu nyuma!

Sisemi hayo ili kuitetea ekseli ngumu. Nataka tuone kwamba katika kazi hii hakuna kipya kilicho bora kwa kila jambo. Joginder Singh, kwa mfano, alikuwa fundi kabla hajawa dereva. Alianza kushinda mwaka 1965 na Volvo ambayo ilikuwa imekwisha tumika. Mtu wa namna hiyo akikaza springi anajua amekaza nini, na anajua ni wapi barabarani atakapolipa. Kiti alichokalia mnunuzi ndicho kiti alichokalia mlipaji. Nataka tulikumbuke jambo hilo tutakapofika Katoro.

Kabla ya kufika huko, kuna kisa kimoja cha mwaka 1993 ambacho hakikosi kunichekesha. Kampuni ya Subaru ilileta Safari Rally kijigari kinachoitwa Vivio, chenye injini ya sentimita za ujazo 660, yaani chini ya nusu ya ile ya Peugeot 404. Kimoja alipewa Colin McRae wa Scotland, kijana mwenye kasi ya kutisha. Kingine alipewa Patrick Njiru wa Kenya. McRae alikikimbiza kijigari hicho hata madereva wa magari makubwa wakashangaa, lakini hakufika mwisho. Njiru alifika, akawa wa 12 kwa jumla na wa kwanza katika kundi lake. Gari ni lilelile. Tofauti ilikuwa kila mmoja aliamua kuitumia wapi ile nafasi ndogo ya springi aliyopewa. Tuwe wa haki lakini: McRae alijifunza, maana alirudi akashinda Safari mwaka 1997 na Subaru Impreza, kisha 1999 na 2002 na Ford Focus.

Basi sasa tumefika nyumbani. Katika miaka ya Peugeot, usafiri wa gari dogo la abiria wengi ulikuwa wa Peugeot 504 ya nyuma ndefu. Tazama uungwana wa kiwanda kile. Peugeot 504 la kawaida lilikuwa na magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, kwa ajili ya raha. Walipotaka kutengeneza lile la kubeba watu safu tatu na mizigo, hawakuongeza kipande cha mpira chini ya springi wakasema tayari. Waliondoa miguu yote ya nyuma wakaweka ekseli ngumu, na springi nne za kuviringika, mbili kila upande. Walibadili kazi ya gari, wakabadili na miguu.

Mchomoko haukupata bahati hiyo. Probox iliyotoka mwaka 2002 ina miguu ya mbele ya kujitegemea, na nyuma ina boriti moja inayojinyonga, yenye springi mahali pake na shokapu mahali pake. Ni muundo mwepesi, wa bei nafuu na imara kwa kazi yake. IST ya mwaka huohuo ni hivyohivyo. Gari likifika Geita, linapelekwa gereji, na fundi anaulizwa jambo moja tu: linyanyue. Fundi anaweka spesa. Wengine wanaongeza springi ngumu ya gari jingine. Kazi inaisha kabla ya saa za mchana, na gari linaingia barabarani.

Hebu tuhesabu nini kimetendeka. Tuseme gurudumu la nyuma lilikuwa na sentimita 8 za kupanda na 8 za kushuka kutoka pale linaposimama. Nasema tuseme, maana kila gari lina kipimo chake. Ukiweka spesa ya sentimita 5 kwenye kikalio cha springi bila kugusa shokapu, umelinyanyua gari, lakini urefu wa shokapu ni uleule. Kwa hiyo nafasi ya kushuka imebaki sentimita 3. Tumbo la gari liko mbali na jiwe, na hilo ndilo ulilonunua. Ila gurudumu likifika kwenye shimo halina tena nafasi ya kulifuata. Shokapu inafika mwisho wa kamba yake, unasikia mlio kama wa nyundo, na gurudumu linaning'inia hewani. Gurudumu lililo hewani halina breki, halina usukani.

Ukiongeza na springi ngumu, umefanya jingine. Springi kazi yake ni kupokea pigo na kulirudisha. Shokapu kazi yake ni kulimeza lile pigo lisirudi mara ya pili na ya tatu. Springi ngumu hurudisha kwa nguvu zaidi, ilhali shokapu ni ileile iliyopimwa kwa springi laini, tena imezeeka kwa safari za Japani na za huku. Matokeo yake gari linadunda. Likiwa na watu wanne waliobanana nyuma halidundi sana, na dereva anajisifu kwamba limetulia. Likirudi tupu jioni, hapo ndipo utaliona linavyorukaruka.

Huko mbele nako kuna mambo. Fito za usukani zilizokuwa zimelala sawa sasa zimeinamia chini. Kila gurudumu linapopanda na kushuka, fito hizo zinalivuta kidogo kulia au kushoto, dereva akiwa hajagusa kitu. Tairi inalika upande mmoja. Sivi jointi zinazungushwa zikiwa zimepinda kuliko zilivyozoea, na mpira wake wa vumbi unapasuka mapema. Fundi mzuri atapeleka gari likapimwe uelekeo wa magurudumu baada ya kulinyanyua. Hilo lawezekana mjini. Huko machimboni kipimo ni jicho na kamba.

Wengi wanaolaumu michomoko husema inapinduka kwa kuwa imenyanyuliwa. Kwa maoni yangu lawama hiyo ina nusu ya ukweli. Tufanye tena hesabu ndogo. Gari pamoja na watu tuseme kilo 1,300, kitovu chake cha uzito kiko sentimita 60 toka ardhini. Spesa ya sentimita 5 inakipandisha kitovu kwa sentimita 5 au pungufu kidogo. Sasa weka juu ya keria magunia yenye kilo 100, kwenye kimo cha sentimita 170. Kitovu kinapanda karibu sentimita 8. Yaani magunia ya keria yamefanya kazi kubwa kuliko spesa ambayo kila mtu anaitazama. Kisha njoo kwenye mwendo. Gari likiingia kona kwa kilometa 80 kwa saa badala ya 60, nguvu inayolisukuma nje ya kona haiongezeki kwa theluthi kama mtu anavyodhani. Inaongezeka kwa asilimia 78 hivi. Spesa peke yake, keria peke yake, au mwendo peke yake, gari linaweza kuvumilia. Vikikutana kwenye kona moja pamoja na shokapu iliyokufa, havijumlishwi, vinazidishana.

Hapo ndipo historia ya barabara inapoingia, na naona ndiyo sehemu ambayo hatujaifikiria vya kutosha. Gari lilinyanyuliwa kwa ajili ya makorongo. Mgodi wa zamani wa Geita uliofungwa mwaka 1966 uliacha mji usiokuwa na njia ya maana, na hata mgodi mpya ulipofunguliwa mwaka 2000, aliyetoka Mwanza alikula vumbi kwanza, akasubiri kivuko Busisi, akala vumbi tena. Katika hali ile gari lililonyanyuliwa lilikuwa na haki yake. Halikuweza kukimbia, kwa hiyo udhaifu wake wa kona haukupata nafasi ya kujionyesha. Barabara mbaya ilikuwa ndiyo breki.

Kisha lami ikaja. Mwaka 2012 Geita ikawa mkoa. Na Juni 19, mwaka 2025, lilifunguliwa daraja la Kigongo hadi Busisi lenye urefu wa kilometa 3, na ile foleni ya kivuko ikawa hadithi ya kuwasimulia watoto. Ni maendeleo makubwa, na aliyewahi kulala Busisi na mgonjwa hatanibishia. Lakini angalia mchomoko. Asubuhi unapita lami kwa kasi yote iliyomo ndani yake. Mchana unaacha lami na kuingia njia ya machimbo, Nyarugusu au Mgusu, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Jioni unarudi kwenye lami. Ule unyanyuaji uliofanywa kwa ajili ya saa moja ya makorongo unalipwa kwa saa tatu za lami. Dereva wa Safari Rally alikuwa na tatizo hilohilo, siku moja vumbi la Taru, siku ya pili tope la nyanda za juu. Lakini yeye alikuwa na gari la huduma linalomngoja mbele na shokapu mpya, na mafundi wa kuzifunga kwa dakika chache.

Sasa tulijibu lile swali la mwanzo. Joginder Singh na Shekhar Mehta walikaa wenyewe ndani ya magari waliyoyapanga. Katika mchomoko anayenunua kimo ni mwenye gari. Yeye yupo nyumbani, anangoja hesabu ya jioni. Spesa anailipia kwa furaha, kwa kuwa isipowekwa sampu itapasuka na hasara itakuwa yake. Shokapu hailipii, kwa kuwa shokapu iliyokufa haisimamishi gari. Gari linatembea, hesabu inaletwa. Dereva anaujua ubovu, lakini akisema sana kuna dereva mwingine anasubiri funguo. Anayelipa ni yule mama aliyekaa nyuma juu ya boriti na mtoto mapajani, ambaye hakuulizwa chochote na hajui kuwa kuna kilichouzwa.

Mafundi wetu siwalaumu sana. Wanafanya walichoombwa, na wengi wao wana akili ya mikono ambayo vyuo havina. Nimewahi kumwona fundi akisikiliza gari likipita mbele ya gereji na kutaja bushi iliyokwisha kabla halijasimama. Mtu wa namna hiyo akiambiwa mara moja kwamba springi ikiongezwa sentimita 5 shokapu nayo itafutwe ndefu zaidi na yenye nguvu zaidi, hatasahau. Shokapu za aina hiyo zipo, zinatengenezwa kwa magari haya haya. Tatizo ni kwamba haziulizwi dukani. Wakaguzi wa magari nao hutazama taa, tairi, mkanda na stika. Ni mara chache utamwona mmoja ameinama kutazama kama shokapu inavuja mafuta.

Nimalizie kwa jambo ambalo abiria anaweza kulifanya mwenyewe pale stendi, maana halihitaji cheti. Kabla gari halijajaa, simama nyuma yake upande mmoja. Weka viganja viwili juu ya kona ya bodi, likandamize chini kwa uzito wako, uachie ghafla. Likipanda, likarudi mahali pake na kutulia, shokapu ya upande huo bado ina uhai. Likipanda, likashuka, likapanda tena na kuendelea kuyumba, shokapu imekwisha. Nenda upande wa pili ufanye vilevile. Konda atakuuliza unafanya nini. Mwambie unapima miguu. Nauli wakati huo bado iko mfukoni mwako, na gari la pili liko palepale kwenye foleni.